Utando Chini ya Godoro la Mama

Nyumbani walimwita Umeme, na jina lenyewe halikuwa la sifa. Lilianza siku alipomweleza mama yake, kwa mbwembwe zote za msichana aliyemaliza mwaka wa kwanza chuoni, kwamba kuna vitu duniani ukivibonyeza vinatoa umeme, na kwamba yeye atatengeneza sakafu ambayo watu wakitembea juu yake taa zitawaka zenyewe. Mama alisikiliza mpaka mwisho huku akipiga pasi. Akageuza gauni upande wa pili, akauliza, "Na wakikaa?" Dada yake mkubwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia hapo akirudi likizo wanasema umeme umerudi, akiondoka wanasema umeme umekatika, naye anavimba mashavu lakini moyoni anafurahi.

Wala usidhani alikuwa mtu wa maneno matupu. Ujana wake wote aliumalizia kwenye plastiki ya aina moja. Ukiinunua inakuja ikiwa unga mweupe ndani ya kopo. Unauyeyusha, unaumwaga juu ya kioo, unaukausha taratibu kwenye tanuri dogo, na ukibandua unapata utando mwembamba, laini, unaong'aa. Utando huo ukiuvuta na kuupiga volti nyingi, chembe zake za ndani zinajipanga zote upande mmoja, na tangu hapo kila ukiukunja unatema umeme kidogo. Kidogo, jamani! Hilo neno ndilo lililomtesa. Alitengeneza soli za viatu, akazivaa, akatembea korido ya chuo asubuhi nzima, huku na huku, mpaka wenzake wakadhani ameachwa na mtu. Alipomaliza alikuwa amevuna umeme wa kuwasha kijitaa cha rimoti kwa muda wa kupiga chafya.

Mwingine angekunja virago. Yeye alikaa kitako akafikiri, na jibu lilipomjia lilikuwa jepesi hata akajiona mjinga. Kama umeme ni mdogo, basi upewe kazi ndogo. Utando hauwezi kuwasha taa ya sebuleni, lakini unaweza kusikiliza. Ukiubandika kwenye pampu ya maji, mtikisiko wa pampu unaukunja. Kwa kule kukunjwa unapata chakula chake, na kwa namna unavyokunjwa unajua kama pampu ni nzima au inaanza kuugua. Huna haja ya betri wala waya wa ukutani, maana kihisi kinajilisha kwa mtikisiko uleule kinaoupima. Baada ya pampu yakaja madaraja, baada ya madaraja injini, na mvi za kwanza zilipomtoka Umeme alikuwa profesa mwenye maabara yake, anayeitwa redioni kuhojiwa mara kwa mara. Huko redioni alizungumza mbio mbio kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

Maabara hiyo aliiendesha pamoja na mwenzake wa tangu masomoni, mwanafizikia mrefu, mkavu, ambaye ukimwonyesha matokeo mazuri jibu lake la kwanza ni hapana. Watu wakamwita Bwana Hapana, naye akalipokea jina bila kinyongo. Sheria yake ilikuwa moja: pima patupu kwanza. Kabla hujasema utando umesikia pampu, pima pampu ikiwa imezimwa. Kabla hujasema umesikia mtu, mwondoe mtu, upime. Kinachobaki hapo ni uongo wa chombo chako, na lazima uujue sura yake. Umeme aliipenda sheria hiyo kuliko hata mwenyewe aliyeitunga. Aliwahi kuwarudisha wanafunzi mezani machozi yakiwalenga kwa sababu ya kuruka hatua hiyo. Kwake yeye, matokeo yasiyo na kipimo cha patupu yalikuwa umbea tu.

Sasa Mama akaugua. Haukuwa ugonjwa wa ghafla. Moyo ulikuwa umechoka, na daktari alisema kwa upole kwamba kilichobaki ni kumpunguzia taabu. Walitaka abaki wodini. Mama akakataa katakata. "Nife natazamwa na watu wasiojua hata nalalia ubavu gani? Nirudisheni kwangu."

Dada aliposikia hayo kwenye simu alikuja juu. Lakini hapa lazima niseme habari za Dada, la sivyo hutaelewa kitu.

Siku Umeme alipopata shahada yake ya uzamivu, watu walijaa nyumbani baada ya sherehe ya chuo. Dada alikuwa jikoni tangu alfajiri, anapika, anapakua, anaosha, anapika tena. Sebuleni Mama alikuwa akimzungusha Umeme na joho lake kama bibi harusi: mwanangu huyu hivi, mwanangu huyu vile, kichwa hiki kimetoka kwangu. Jina la Dada halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Mtu akaita maji zaidi. Dada akayaleta, akayaweka mezani mbele ya wageni wote, akasema, "Hesabuni vizuri, jamani. Mama ana mtoto mmoja. Mimi ni mpishi." Akavua aproni, akachukua mkoba wake, akatoka. Mama hakumwita. Wote wawili walikuwa na shingo ngumu, kila mmoja akabaki na donge lake rohoni, na tangu siku ile, kwa jinsi Umeme alivyojua, kilichokuwa kati yao ni salamu za simu za juujuu tu. Dada alihamia mji wa mbali, akafungua duka la vitambaa. Umeme naye aliamini kwamba dada yake hamtaki hata kumsikia, ingawa kosa lake yeye lilikuwa kufaulu mitihani.

"Mwacheni hospitali," Dada alisema siku hiyo. "Nyumbani nani atajua akizidiwa? Wewe? Wewe ambaye ukisoma unasahau sufuria motoni?"

"Nitajua, Dada. Nina kitu."

"Una kitu. Siku zote una kitu!" Kisha sauti yake ikapungua, ikawa kama ya mtu mwingine. "Natafuta wa kunishikia duka, nakuja. Kuna neno lazima nimwambie Mama, kwa mdomo wangu, angali ananisikia. Mshikilie, mdogo wangu. Mshikilie tu mpaka nifike."

Umeme hakukumbuka mara ya mwisho kuitwa mdogo wangu. Akaahidi, tena akaahidi kwa kiapo, kitu ambacho mtu wa sayansi hatakiwi kufanya.

Kitu chenyewe kilikuwa utando wake, kipande cha ukubwa wa taulo, akaulaza chini ya godoro la Mama. Ukingoni mwake kulikuwa na kisanduku kidogo chenye mfuniko wa kijivu. Mama akivuta pumzi, godoro linainama kidogo na utando unakunjwa. Moyo ukidunda, unakunjwa tena, kidogo mno, lakini unakunjwa. Kisanduku kinajilisha kwa hayo hayo na kutuma habari kwenye kompyuta bila waya. Mama alielezwa, akatikisa kichwa juu ya mto.

"Kwa hiyo kinakula pumzi zangu?"

"Kinakula ule mtikisiko wake, Mama."

"Basi kitakonda, maskini."

Umeme alifanya kazi yake kama anavyojua. Alizima feni. Aliweka vipande vya mpira chini ya miguu ya friji. Alimwomba nesi aliyekuwa akija asubuhi kumwogesha Mama abamize mlango, arukeruke sebuleni, naye nesi akaruka huku akicheka kwamba kazi hii hakufundishwa chuoni. Vyote hivyo alivipima akavitoa, mpaka mstari kwenye kompyuta ukabaki wa Mama peke yake. Pumzi ilikuja kwa mawimbi mapana, na juu ya mawimbi vilikaa vijinundu vya moyo, vidogo, visivyo na mpangilio, kimoja leo kingine keshokutwa.

Bwana Hapana alipiga simu kumpa pole. Wakaongea ya ugonjwa, kisha akauliza, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, "Umepima patupu?"

"Nimepima," Umeme akasema.

Hakuwa amepima. Na nafasi alikuwa nayo, asitafutiwe visingizio. Kila asubuhi nesi alimhamishia Mama kwenye kiti cha dirishani, kitanda kikabaki wazi. Ilikuwa kazi ya kukaa pale kando ya kitanda, mahali atakapokuwa akikaa siku zote, na kutazama mstari unasema nini. Lakini kila alipowazia kukikabili kitanda kile bila Mama, na mashine ikiandika kitanda kile bila Mama, nywele zilimsimama. Akajiambia kesho, na kesho yake akajiambia kesho. Aliogopa, basi. Profesa mzima, mwenye kuwatoa watu jasho kwa kuruka hatua, aliogopa kitanda kitupu.

Dada akapata mtu wa kushika duka, akapanda basi. Asubuhi ya siku hiyo Mama hakutaka kuhamishiwa kwenye kiti. Alikunywa vijiko viwili vya chai, akafumba macho. Nesi alimpima, akakusanya vifaa vyake polepole, na mlangoni akamwambia Umeme kama kuna ndugu wa kuitwa aitwe. "Yuko njiani," Umeme akajibu. Akavuta kigoda, akakaa kando ya kitanda, akalaza kifua na mikono yake yote miwili juu ya godoro, akaushika mkono wa Mama. Kompyuta aliiweka kwenye kiti upande wa pili, mbele ya macho yake.

Asubuhi yote mstari haukutulia. Vijinundu vilikuja, vikapotea, vikaja viwili pamoja, vikapotea tena. Umeme aliongea na Mama habari zozote zilizomjia kinywani, za jirani, za bei ya sabuni, za Bwana Hapana aliyewahi kumkatalia waziri. Mama hakujibu, ila mara moja vidole vyake vilibana kidogo.

Mchana, jua lilipofika katikati ya zulia, mstari ukaanza kutengemaa. Vijinundu vikajipanga safu, kimoja baada ya kingine, vikubwa, vyenye nafasi sawa. Pumzi ikawa ndefu na tulivu. Umeme alitoa macho. Maisha yake yote alikuwa akiufukuzia mstari wa namna hiyo, safi, usio na makelele, mstari wa kuweka ukurasa wa kwanza wa makala. Na mtafiti akiona mstari mzuri akili yake inalainika, asikudanganye mtu. "Mama, unapata nafuu," akanong'ona. Uso wa Mama ulikuwa umetulia, mkono wake una joto. Umeme akambusu vidole, akaendelea kutazama kompyuta.

Hapo simu ikalia. Alikuwa Dada, na nyuma yake kelele za watu wanaogombana na kondakta. Basi lilikuwa limeharibika kwenye kituo cha njiani, jingine halijulikani litafika lini.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, Dada. Hasemi, lakini moyo wake unakwenda vizuri kuliko asubuhi. Nauona."

"Niweke sikioni kwake. Niweke sasa hivi, mdogo wangu, sitawahi."

Umeme aliifungua sauti, akailaza simu kwenye mto karibu na sikio la Mama, akarudisha kifua chake godoroni. Angeweza kuziba masikio, lakini mkono mmoja ulikuwa na Mama na mwingine unazuia simu isiteleze. Kwa hiyo alisikia.

"Mama, ni mimi." Dada alikuwa akihema kama aliyepanda kilima. "Mama, yale maneno ya mpishi, nisamehe. Yamenikaa hapa kooni miaka yote hii. Nilikuwa na njaa ya kutajwa, hivyo tu. Nilitaka na mimi uniite mbele ya watu." Akapenga kamasi. "Na huyu Umeme wako... Mama, akiongea redioni nawanyamazisha wateja. Naongeza sauti. Nawaambia sikilizeni, huyo ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Halafu wakiondoka najificha nyuma ya majora ya vitambaa nalia kama mtoto. Lakini usimwambie. Atavimba kichwa."

Kwenye kompyuta moyo ukaruka. Vijinundu vikapanda, vikasongamana, vikakimbia, na pumzi ikakatika katikati kisha ikashuka kwa kishindo.

"Dada!" Umeme alipiga kelele. "Moyo wa Mama umeruka! Amekusikia!"

"Umeruka?"

"Umeruka, nauona kwa macho yangu! Amekusikia, Dada, amekusikia!"

Dada alilia pale kituoni bila kujali nani anamtazama. Alisema ahsante, ahsante Mungu, ahsante mdogo wangu, mpaka simu ikakatika.

Umeme akainuka aende kuleta maji ya kumlowanisha Mama midomo. Alipogeuka kuaga kwa jicho, mstari ulikuwa umelala. Ulikuwa umenyooka kabisa.

Na sasa usimhukumu haraka. Kitu cha kwanza alichowaza ni kwamba kiungo kimelegea. Hakumtazama Mama. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya godoro, akakisukuma kisanduku, bega lake likagandamiza ukingo wa kitanda, na mstari ukafufuka. Akashusha pumzi. Akasimama, ukalala. Akainama tena, akaweka kiganja tu, kiganja kimoja juu ya shuka. Kijinundu, kijinundu, kijinundu. Mkono wa pili aliupeleka shingoni mwake mwenyewe, mahali mshipa unapodunda. Vilikwenda pamoja bila kupishana.

Hivyo ndivyo alivyopima patupu. Ndipo alipomtazama Mama, akajua kwamba anatazama mtu aliyeondoka kitambo, polepole, bila kumsumbua mtu, wakati mwanawe ameushika mkono wake na macho yake yakiwa kwenye kompyuta.

Dada aliingia usiku huo, akakuta taa zote zimewashwa. Walizika. Nyumba ikajaa watu, ikapungua watu, na muda wote huo Dada alikuwa na neno moja la kumwambia kila aliyekuja kutoa pole. "Nilichelewa, lakini nilisema naye. Moyo wake uliruka niliposema naye. Mdogo wangu aliona kwenye mashine yake." Watu wakashika vifua wakasema alhamdulillahi, wengine wakasema Bwana asifiwe, na wote wakamgeukia Umeme kwa heshima kubwa. Mzee mmoja wa mtaani alimwambia kwamba kama chuo kimemfundisha hilo tu, basi hakikupoteza muda wake bure. Umeme aliitikia kwa kichwa. Kila alipoitikia alijisikia kama mtu anayekula chakula cha mgonjwa.

Alirudi maabara kabla hata hajapewa ruhusa na moyo wake. Bwana Hapana alimsogezea kiti.

"Sikupima patupu," Umeme akamwambia. "Nilikudanganya." Akamweleza yote.

Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, yule mtu hakusema hapana. Alipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Moyo wa mtu na mtu haufanani," akasema hatimaye. "Ukiurekodi wako peke yake, unaweza kuutoa. Utakachobaki nacho ni cha kwake. Lakini si lazima ujue."

"Ni lazima."

Basi akajilaza juu ya utando, pale kwenye meza ya maabara, mikono na kifua kama siku ile, akajirekodi. Akajitoa kwenye mstari wa siku ile. Chini yake vikajitokeza vijinundu vya Mama, vile vidogo vya kusitasita, vikaendelea, vikachelewa, vikawa vya mbali kama mtu anayetembea huku akisimama kupumzika, kisha havikuja tena. Vilikoma kabla mstari haujawa mzuri. Ule uzuri wote ulikuwa wake yeye. Na simu ya Dada ililia baadaye kabisa, Mama akiwa hayupo.

Alilia mezani pale, na Bwana Hapana akatoka nje akamfungia mlango.

Kwa kweli angeweza kunyamaza. Nani angejua? Bwana Hapana hana mdomo, na Dada alikuwa anafungasha arudi kwenye duka lake na faraja aliyoipata. Umeme alilizungusha jambo hilo kichwani njia nzima ya kwenda nyumbani kwa Mama. Alijiambia kwamba kunyamaza ni huruma. Lakini alijijua. Kunyamaza kungemaanisha kwamba jibu la Mama amelitoa yeye, kwa moyo wake, na Mama mwenyewe hakuulizwa. Tena kulikuwa na kitu kingine kilichomkera zaidi: yale maneno ya redio yalikuwa yamefika mahali, na aliyeyasema hakujua yamefika wapi.

Alimkuta Dada chumbani, amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kabati wazi, anakunja nguo za Mama na kuzigawa mafungu.

"Hii blauzi ni yako au yangu?" Dada akauliza bila kuinua macho. "Kila mmoja wetu aliambiwa atarithi yeye. Mama alikuwa mjanja huyu."

"Dada, ule moyo ulioruka."

"Ehe."

"Haukuwa wa Mama. Nilikuwa nimeegemea godoro. Utando ulikuwa unanisoma mimi. Nimetenganisha, nimeangalia mara nyingi. Mama alikuwa ameshaondoka ulipopiga. Hakukusikia."

Dada alibaki na blauzi mikononi. Halafu akaitupa ukutani.

"Nilikuuliza? Nilikuuliza mimi?"

"Hukuniuliza."

"Si ungekaa nalo! Ungekaa nalo mpaka uende nalo kaburini! Lazima wewe useme, lazima wewe uwe sahihi!" Akajipiga paja. "Kwa hiyo mimi nimeliomba msamaha godoro. Nimesimama kituoni, watu wananitazama, naliomba msamaha godoro!"

Umeme hakujitetea. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, akalia, na Dada akalia juu ya kitanda, kila mmoja peke yake, kilio kibaya cha watu wazima. Nje mtu alikuwa akifua, maji yanamwagika, yanamwagika tena. Ilichukua muda mrefu mpaka Dada akajipangusa uso kwa ukingo wa shuka.

"Simu ilikuwa umefungua sauti?"

"Nilifungua."

"Kwa hiyo ulisikia kila kitu."

"Kila kitu."

"Huo moyo wako uliruka wapi? Nilikuwa nasema nini? Si unaandika mpaka chafya za watu."

"Uliposema unaongeza sauti ya redio."

Dada akatoa kicheko kifupi, kikaishia kuwa kwikwi. "Hayo hata hayakuwa mapya kwa Mama. Kila ukimaliza kuongea nilikuwa nampigia. Tunakucheka unavyokimbiza maneno. Nilimkataza asikuambie, naye alivyo na siri, akafa nayo. Mapya yalikuwa ya msamaha. Hayo ndiyo sikuwahi kumwambia. Na hayakufika."

"Hayakufika, Dada."

"Wewe yalikufikia."

"Yalinifikia."

"Basi nijibu wewe."

Umeme aliinuka sakafuni, akakaa kitandani ubavuni mwa dada yake, mabega yakigusana.

"Kwa upande wangu mimi umesamehewa zamani," akasema. "Lakini na mimi nina langu. Siku ile nilikuona unatoka na mkoba. Niliinuka nikufuate. Halafu nikaona haya kukimbia barabarani na joho, nikakaa tena."

Dada aliuchukua mkono wake, akauweka mapajani pake, akautazama muda mrefu.

"Siku ile nilikungoja kituoni," akasema. "Basi la kwanza niliacha lipite."